Alichobeba Agata kwenye Sinia

Tangu nirudi sijanywa chai yangu ikiwa ya moto. Kila ninayekutana naye, njiani, sokoni, kwenye jumuiya, swali ni lile lile: Yustina, huko Ulaya kulikuwaje? Naanza kusimulia, katikati anaingia mwingine, naanza upya. Wengine wamechoka kunisubiri wakaanza kujisimulia wenyewe. Nimesikia eti nilipotea na polisi wakanirudisha. Sikupotea. Basi naandika mara moja, wanaojua kusoma wawasomee wasiojua, na anayetaka habari za maduka na maghorofa aishie hapa hapa, maana habari yenyewe ni nzito.

Sababu ya safari mnaijua, ila wengi wenu mlijifanya hamjui, kwa heshima. Mdogo wangu Felista alikutwa na kansa ya titi. Madaktari wa Brussels walisema titi la kushoto liondolewe upesi, naye akakataa. Hakusema anaogopa, hakusema anasubiri. Alisema hapana, akarudi kazini. Mume wake Deo, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyenipigia simu, na maneno yake nayaweka kama yalivyonifikia: "Maman Yustina, miye nimeshindwa. Docteur anasema tukingojea, maladie itaenea mu mwili yote. Yeye anakatala tu. Weye ni mukubwa yake. Kuya umuambie."

Nikasema nakuja. Habari za visa na tiketi siziandiki. Aliyezipitia anazijua, na ambaye hajazipitia zitamchosha bure.

Kigoma mpaka Dar es Salaam

Mlinisindikiza stesheni na mikate. Huenda karatasi hii ikafika kwa mtu asiye wa kigango chetu, kwa hiyo nieleze. Sisi ni watoto wa Mtakatifu Agata, mfiadini. Nyuma ya altare yetu amechorwa ukutani akiwa amesimama na sinia mkononi, na juu ya sinia kuna mikate miwili ya duara, ya kahawia, kila mmoja na kidoa juu. Fundi aliyemchora alikuwa mpaka rangi wa maboti, alikopi kutoka kwenye kadi ndogo iliyoachwa na mapadre Wabelgiji. Kwa hiyo kila sikukuu ya Agata, mwezi wa pili, akina mama tunaoka mikate miwili miwili kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kila mkate tunaubandika karanga moja katikati, tunaipeleka kwa sinia mpaka altareni, kisha inagawiwa kwa wagonjwa na kwa waliojifungua karibuni. Haitolewi mmoja kamwe. Ni miwili au hakuna. Tulikuta wakubwa wetu wakifanya hivyo, na sisi tukafanya.

Sikukuu ilikuwa imekaribia, mkaoka mapema, mkanijazia kopo la bati ili Felista naye apate mikate ya mgonjwa. Ndani ya kitabu changu cha sala nilikuwa na ile kadi yenyewe, Katekista aliniazima kwa masharti makali.

Treni ilikaa Tabora mpaka abiria tukaanza kuulizana koo. Behewa la mbele liliharibika, fundi akaja, akaondoka, akaja mwingine. Tulikula kuku, tulikula viazi, tukanunua asali ambayo hakuna aliyekuwa anaihitaji. Mbele yangu alikaa binti mmoja na mtoto mchanga, maziwa hayamtoki vizuri na mtoto analia usiku na mchana. Nikatoa mikate miwili nikampa. Akataka kuchukua mmoja tu, kwa adabu. Nikamwambia ni miwili au hakuna, hii ni ya Agata. Akala yote miwili akilia machozi, sijui kwa uchovu au kwa imani.

Mimi nilikuwa na mpango wangu, na katika kukaa kule Tabora niliupanga vizuri. Nitafika, nitamlisha Felista mikate, nitamwonyesha kadi, nitamwambia huyu somo wetu aliteswa mpaka kufa na hakulalamika, wewe unaogopa wembe wa daktari? Niliona ni hoja ambayo haina jibu.

Addis Ababa

Addis ukungu ulizuia ndege, tukalazwa kwenye viti. Nikala ile mikate yao laini, mipana, yenye uchachu, na mchuzi wa dengu, maana ilikuwa siku ya mfungo wao. Kando yangu alikaa bibi mmoja Mhabeshi, amejifunika shuka jeupe kichwani, msalaba umechanjwa kwenye paji la uso. Hatukuwa na lugha hata moja kati yetu. Aliponiona nasali alinyoosha mkono kuomba kadi, akaibusu mbele na nyuma.

Kisha akaitazama karibu sana. Akanionyesha lile sinia kwa kidole, halafu akaweka viganja vyake viwili juu ya kifua chake na kutikisa kichwa kwa huzuni. Nilidhani anasema anampenda Agata moyoni. Nami nikaweka viganja kifuani, nikatabasamu. Bibi wa watu akanitazama kwa mshangao, akanirudishia kadi na kunishika mkono, hakuuachia mpaka tulipoitwa.

Anderlecht

Deo alinipokea na koti la ziada. Baridi ya Brussels siyo ya kupiga kelele, ni mvua nyembamba inayokuingia shingoni na kukaa humo. Felista hakuja uwanjani. Alikuwa kazini, Deo alisema, na alikuwa akitazama barabara aliposema hivyo.

Wanakaa Anderlecht, kwenye ghorofa kubwa la kupanga ambalo lifti yake ina siku zake za kufanya kazi. Ndani kunanukia nyumbani kwa watu: Deo alikuwa amepika sombe, kisamvu chao, na makayabu, samaki wa chumvi, na fufu, ugali wao wa muhogo, imefunikwa. Felista aliingia na sare yake ya kazi, anahudumia wazee. Amekonda kidogo, lakini yule yule, mwendo wa haraka, sauti ya chini. Tulikumbatiana sana. Alikuwa akinikumbatia kwa upande wa kulia.

Sasa niseme nilivyoharibu. Mwalimu wangu wa zamani alizoea kuniambia ulimi uliponza kichwa, na bado sijasikia. Hata fufu haijaisha nikafungua kopo la mikate, nikaweka kadi mezani, nikamwuliza Felista atakatwa lini. Aliendelea kumega fufu. Nikaongeza methali, eti mficha maradhi kifo humuumbua. Mbele ya mume wake! Felista akanawa mikono taratibu, akasema ahsante kwa mikate, dada, akaingia chumbani na kufunga mlango. Deo akabaki anaitazama sahani yake. "Maman," akaniambia, "hata miye nilianza vile vile."

Siku zilizofuata alikuwa mwema kwangu na hakunipa nafasi. Alinipeleka sokoni, alininunulia soksi, alinifundisha kupanda metro. Kila nilipokaribia lile jambo, alikumbuka kitu jikoni. Mimi ndiye mkubwa, mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyemvusha shule, na nilizoea neno langu kuwa la mwisho. Hapo halikuwa. Nilikuwa nikimsikiliza akioga, maji yakimwagika upesi upesi, anatoka amevaa mpaka shingoni, na nikawaza kwamba huenda nimekuja kumzika.

Laeken

Jumapili alisema twende Laeken kumsalimu Padre Gustaf. Wakubwa wa kigango mnamkumbuka, yule mrefu wa pikipiki, aliyetubatiza sisi sote wawili. Sasa ni mzee sana, anakaa kwenye nyumba ya wamisionari wastaafu, na ni mle mle ambamo Felista anafanya kazi. Tukabadilisha metro kwa tramu. Kwenye ramani ya njia nikaona kuna kitongoji kizima cha mji ule kina jina la Agata. Nikamwonyesha Felista kwa furaha, nikamwambia unaona, yuko huku kabla yetu. Akajibu ni kituo tu, dada.

Padre alikuwa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Kiswahili chake hakijachakaa. Akauliza habari za ziwa, za migebuka, za marehemu mmoja mmoja kwa majina ya ubatizo. Felista alimnyoosha mto bila kuulizwa na akaenda kutengeneza kahawa.

Nikampa mikate miwili iliyokuwa imesalia. Ilikuwa migumu kama vigae, lakini karanga zilikuwa bado mahali pake. Aliipokea mapajani, akagusa karanga moja kwa kidole, kisha nyingine. Halafu nikaona macho yake yamejaa machozi.

Nikatumia nafasi hiyo. Felista alipokuwa jikoni nilimweleza Padre kila kitu kwa haraka: kansa, kukataa kwake, mpango wangu wa Agata. Nikamwomba, wewe ni padre, mwambie habari za Agata, wewe atakusikia. Alingoja Felista alete kahawa. Kisha akasema, huku anamtazama Felista na si mimi, kwamba mjini kuna maonyesho ya picha za dini za Hispania ya kale, na kwamba Agata yupo, na ile kadi yetu ilichapwa kutokana na picha hiyo. Angependa kwenda akiwa bado hai, kama Felista atakubali kumsukuma.

Felista alikubali, kwa sababu ilikuwa kazi.

Mjini, kwenye picha

Gari la nyumba ya wazee lilitushusha mlangoni. Ndani kulikuwa na mwanga mdogo na watu wachache wanaotembea kama wanaotoka komunyo. Mimi picha za watakatifu nimezizoea za kwetu, za rangi kali, damu inachuruzika. Hizi zilikuwa nyingine. Nyuma giza tupu, halafu mtu amesimama peke yake, mkubwa kama mimi na wewe, mwanga umempiga upande mmoja.

Padre alitufundisha tukiwa tunapita, sauti ya chini. Alisema Wahispania wale hawakupenda kuchora mateso yenyewe. Walimchora mfiadini baada ya mateso, ametulia, amevaa vizuri kuliko alivyopata kuvaa duniani. Na ili umjue ni nani, walimpa mkononi kile kilichomuua, au kile alichokatwa. Akatuonyesha Laurenti ameegemea chanja cha chuma cha kuchomea nyama. Akatuonyesha Bartolomayo na kisu, na kwenye mkono mwingine kitu nilichodhani ni shuka, kumbe ni ngozi yake mwenyewe. Nikashika rozari yangu.

Agata alikuwa chumba cha pili. Nilimjua kabla ya kuambiwa, kwa namna alivyoinamisha kichwa. Binti wa watu wenye nazo, gauni la hariri ya kijani, kitambaa chekundu kimemwanguka begani. Ameshika sinia la fedha mbele yake, amelisogeza kidogo, kama tunavyomkaribisha mgeni aliyekaa mbali na meza. Anakutazama usoni. Nikapiga magoti mle mle, walinzi wasinione au wanione.

Nikainua macho kwenye sinia.

Haikuwa mikate. Nilisogea, kwa sababu macho yangu si mazuri, nikasogea tena mpaka mlinzi akakohoa. Vilikuwa viwili, vya duara, vya rangi ya mwili wa mtu. Na pale juu tunapobandika karanga, ninyi ni wanawake, sina haja ya kuendelea.

Nilimkumbuka yule bibi wa Addis na viganja vyake. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Kigango kizima, miaka yote, tumebeba matiti ya binti aliyeteswa, tumeyaimbia, tumeyala na chai. Na mimi nimeyabeba kwenye kopo kutoka Kigoma nikamwekea mdogo wangu mezani, yeye anayeugua titi, nikamwambia kula.

Nilimgeukia Padre na hasira zangu zote. Nikamwuliza alijua? Alisema alijua tangu sikukuu ya kwanza. Alikuja kwetu kijana, akasema, hakuweza kusimama mbele ya akina mama na kulitamka neno lile. Akajiambia atalisema mwaka utakaofuata. Mwaka uliofuata akafuatana na mikate mpaka kwa wagonjwa na kwenye nyumba za wazazi, akaona ilikoishia, na baada ya hapo hakutaka tena kusema. Aliinamisha kichwa. Alisema kama ni kosa ni lake, siyo letu.

Najua mtaniuliza, basi mikate tufanyeje? Nimeifikiria sana. Tutaoka, miwili miwili, na karanga. Ila sasa tutakuwa tunajua tunachobeba.

Felista hakuwa ameshtuka. Alikuwa ameachia kiti cha Padre na amesimama mbele ya picha, mkono wa kulia umeshika kwapa la kushoto. Padre akamweleza taratibu: mtawala alimtaka Agata, Agata akamkataa, akaamuru akatwe. Gerezani Mtume Petro akamjia akamponya, mwili ukarudi kama ulivyokuwa, ndipo wakamuua kwa njia nyingine.

Felista akasema, bila kupaza sauti, "Yeye alirudishiwa. Mimi nitarudishiwa na nani?"

Ndipo akatueleza, huku akiitazama picha, jambo ambalo sikuwahi kulijua. Mnamkumbuka shangazi yetu Skola, aliyekatwa titi kwenye hospitali ya misheni na akafa baadaye. Mimi nilikuwa nimeolewa Uvinza, sikuwahi maziko. Felista ndiye aliyeshika beseni wakati akina mama wanamwosha. Walipofika pale palipokatwa walisimama. Mmoja akasema haendi mbele ya Mungu na pengo. Wakakunja kipande cha khanga, wakakiweka pale, wakamfunga kwa utepe wa sanda ili aonekane mzima, wakaendelea kuimba. Hata mimi nimewahi kuona hivyo kwa maiti nyingine, aliyekatwa mguu, na sikuuliza. Ni mambo tunayofanya kwa upendo na hatuyasemi.

"Tulimdanganya Mungu na kipande cha khanga," alisema Felista. "Kifo sikiogopi, Padre, kazini kwangu nakiona kila wiki. Siwezi kwenda nikiwa nusu, halafu watu wanizibe."

Sasa nilielewa kwa nini hoja yangu ya wembe haikumgusa. Nikasogea pembeni nisilie mbele yake. Picha iliyofuata ilikuwa ya binti mwingine, gauni la manjano, naye ameshika sahani, na ndani ya sahani macho mawili yanakutazama. Nilikuwa nimechoka, nina hasira na kila mtu, nikasema kwa sauti ambayo mlinzi aliikunjia uso, "Na huyu je? Mbona ana macho manne?"

Kweli alikuwa nayo manne. Mawili kwenye sahani na mawili usoni, mazima, meusi, yanang'aa.

Padre akageuka kwenye kiti chake, akamwomba Felista amsogeze. Alisema huyo ni Lusia, na kwamba katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo, kwa sababu wamezoea. Akamwambia Felista aangalie vizuri. Mchoraji hakukosea. Lusia haonyeshwi akiwa duniani, anaonyeshwa mbele ya Mungu. Macho aliyonyang'anywa ameyashika mkononi, tumjue kwa hayo, na macho ya usoni anayo. Rudi kwa Agata, akamwambia, angalia gauni lake. Bartolomayo naye ameshika ngozi yake na amevaa ngozi yake. "Hakuna hata mmoja mwenye pengo, mwanangu. Na hakuna aliyezibwa na watu. Hiyo si kazi yetu."

Felista alirudi kwa Agata. Alisimama mpaka kundi la wazee wa Kibelgiji likaja, likasikiliza maelezo, likaondoka. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wakiweka khanga au wasipoweka, ni mamoja?"

"Ni mamoja," alisema Padre.

Nikamwuliza Felista ni nani hasa anayemzika hapa, naye yu hai. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie, na nikaona kama anataka kucheka, lakini hakucheka.

Kituo cha tramu

Gari lilikuja kumchukua Padre, safari hii likiwa na wazee wengine ndani, halikuwa na nafasi yetu. Sisi tukaenda kituoni. Hakuna aliyetuambia kulikuwa na mgomo. Brussels wafanyakazi wakigoma wanagoma kweli, mji unasimama, na watu wanatembea na makoti yao bila kulalamika. Ubao uliandika kwa lugha mbili kwamba tramu zitachelewa, halafu ukazimika. Tukakaa kwenye kibanda, mvua ile nyembamba inatupiga miguuni.

Nilimwomba msamaha kwa ile siku ya mezani. Alisema si kitu, alikuwa anajua nitasema hivyo kabla sijapanda treni. Tukakaa. Akapita mtu na mbwa aliyevaa koti. Nikasema mbwa huyu anaishi vizuri kuliko Katekista, na hapo Felista alicheka, kicheko chake cha zamani cha kufunika mdomo.

Halafu akaniuliza nitakaa mpaka lini. Nikamwambia mpaka aniondoe mwenyewe.

"Basi kaa," alisema. "Kesho nitampigia daktari. Lakini Deo asinifunge bandeji, wala nesi asiniogeshe. Wewe."

Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, nikakaza khanga yangu kiunoni. Tramu haikuja, tukatembea mpaka tulipopata basi.

Deo alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema "bon," yaani vema, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili tusimsikie. Tulimsikia.

Hospitali, na nyumbani tena

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya buluu. Deo alikuwa akisimama na kukaa, akininunulia kahawa nisizoweza kunywa. Kijana mmoja daktari akatoka akasema Kifaransa kingi, nikamtazama Deo usoni, na uso wake ndio ulionitafsiria. Walikuwa wamemaliza salama.

Mtaniuliza kama amepona. Madaktari wanasema wametoa yote waliyoyaona, na dawa zinaendelea, nywele zimeanza kunyonyoka. Zaidi ya hapo hawaahidi, na mimi siwezi kuahidi wasichoahidi. Endeleeni kumwombea kwa jina.

Siku waliyoruhusu aoge, Deo alitoka kwenda kutembea bila kuambiwa. Nilijaza beseni maji ya uvuguvugu. Felista alikaa kwenye kigoda, akavua mwenyewe, bandeji nikamtoa mimi. Nilikuwa nimejiandaa, lakini mkono ulipoachia kipande cha mwisho niligeuza uso. Nikachovya kitambaa, nikaanza kumwosha mgongo, shingo, mkono wa kulia, macho yangu kwenye vigae vya ukuta.

Alisema, "Dada, unaniosha mimi au unaosha ukuta?"

Nikamwangalia. Kulikuwa na mstari mwekundu kutoka katikati ya kifua mpaka chini ya kwapa, na ngozi imelala juu ya mbavu. Basi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na sabuni. Yeye hakulia. Alinyoosha mgongo akakaa wima, amenitazama usoni, anasubiri niendelee.

Nikaosha upande wa kulia. Nikashuka tumboni. Kitambaa changu kiliruka upande wa kushoto, nilijiambia ni kwa sababu ya maumivu. Akanishika mkono na kuurudisha.

"Na hapo," alisema. "Hapo pia ni mimi."

Nikaosha na hapo.